Theluji Mlangoni

Sisi tuliokulia Beni tuliijua theluji kwa mbali tu: weupe wa milima ya Ruwenzori, mawingu yalipofunguka asubuhi, huko juu, zaidi ya mita 5,000. Hapa Montréal tuliamka tukaikuta mlangoni, imefika magotini. Kimya chake kilitushangaza kuliko baridi. Wadogo zetu walitoka mbio, soksi mikononi. Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu tulipoikimbia nyumba yetu, aliichota kwa sufuria, akaipima kama unga wa muhogo sokoni, kisha akammwagia Baba kichwani, akacheka hadi akaketi. Wimbo wa vijana watatu tanuruni, katika Kitabu cha Danieli, huialika hata theluji imhimidi Bwana. Kwetu tuliuimba tukitokwa jasho. Jioni Mama aliuliza kama kesho itaanguka tena.