Kikombe cha Mililita 30

Treni ya Nairobi ilitoka Miritini asubuhi, nami nilikuwa ndani yake na njaa niliyoandikiwa na daktari. Tangu nipewe tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito nilikuwa nimeacha wali, chapati, mahamri na chai ya sukari, nikabaki na mayai, samaki wa kuchemsha, mtindi na mboga. Ini la mtu mnene mara nyingi huwa limejaa mafuta, na sehemu yake hulalia mfuko wa chakula. Ukipunguza wanga kwa wiki mbili hivi ini hunywea, na mpasuaji hupata nafasi ya kupitisha vyuma vyake. Kwa hiyo toroli la vitafunio lilipopita kwenye behewa, niligeukia dirishani nikautazama udongo mwekundu wa Tsavo hadi harufu ya sambusa ilipokwisha.

Faili yangu ilikuwa nene kuniliko: sukari ambayo vidonge vilianza kuishindwa, presha, magoti, na pumzi iliyokuwa ikikatika usingizini hata mume wangu akawa halali kwa kunisikiliza. Vipimo vya uzito kwa urefu, ambavyo hospitalini huviita BMI, vilikuwa vimevuka 35 miaka mingi nyuma. Tangu 2022, miongozo ya vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii inapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Mimi maradhi nilikuwa nayo ya kugawa.

Syokimau nilipokewa na wifi yangu anayekaa South C. Ndiye niliyemwomba aniuguze. Nyumbani walishangaa, maana Mama alikuwa amejitolea. Lakini Mama akikuuguza hukushikia bakuli mdomoni mpaka alione kitako chake, na mimi nilikuwa naenda kufanyiwa jambo litakalonizuia kumaliza bakuli. Wifi haoni taabu kumwambia mtu hapana, awe mkwe, awe mgeni, awe nani.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, kwani nilikuwa nimelala. Nilichojua ni nilichochorewa na daktari kwenye karatasi. Hutoboa matundu madogo, hujaza hewa ya kaboni dayoksidi ili tumbo liinuke, huingiza kamera, kisha hukata na kubana kwa pini. Mfuko wa chakula huondolewa asilimia 75 hadi 80, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya ghrelini, ile inayouambia ubongo kwamba una njaa.

Nilipozinduka kutoka nusukaputi nilikuwa natetemeka. Koo lilikuwa likiwasha kwa mpira wa kupumulia niliokuwa nimewekewa. Dripu mkononi, kibanio kidoleni, oksijeni puani, na miguuni nimevishwa mifuko iliyokuwa ikijaa hewa na kulegea, kulia, kushoto, bila kupumzika. Nilijiandaa kwa maumivu ya tumbo. Yalikuwepo, lakini yaliyonitoa machozi yalikuwa ya bega. Nikadhani wameniangusha. Sista akacheka: ile hewa waliyonijaza haijatoka yote, inausumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa msuli huo hupeleka maumivu begani.

"Dawa yake ni kutembea, mama. Amka twende."

"Sista, mimi nimepasuliwa leo."

"Ndiyo maana."

Hilo ndilo somo la kwanza la kulazwa kwa upasuaji huu, na yeyote anayedhani anakwenda kulala kitandani afungue macho. Jioni ileile nilipelekwa hadi mlango wa wodi na kurudi, nimeshikwa huku na huku, nikikokota nguzo ya dripu. Mtu mnene aliyepasuliwa akikaa bila kujongea, damu huweza kuganda miguuni, na donge likisafiri hadi mapafuni huua. Kwa ajili hiyo kuna ile mifuko ya miguuni, kuna soksi za kubana, kuna sindano ndogo ya ngozi ya tumbo ya kuzuia damu kuganda, na juu ya yote kuna miguu yako mwenyewe. Kadhalika kifua: nilipewa kifaa cha plastiki chenye vimpira vitatu, nivute pumzi taratibu mpaka vipande. Kukohoa nako kuna namna yake. Unaukumbatia mto, unaubana tumboni, ndipo unakohoa.

Usiku ule kichefuchefu kilinikaba. Hilo ni la kawaida, na dawa yake ipo, ila lazima useme mapema kabla hujaanza kutapika. Mdomo ulikauka, nikaruhusiwa kusukutua na kutema tu.

Maji yalipoletwa, yaliletwa kwa kikombe cha kupimia dawa: mililita 30, ya kunywa polepole kwa dakika 15. Nilikitazama nikakumbuka magilasi ya maji ya ndimu ninayoshusha jua la Mombasa likiwaka. Lakini funda moja la haraka lilinifundisha adabu; lilikwama nyuma ya mfupa wa kifua likakaa hapo kama jiwe. Wifi akatega simu yake. Kila ikilia, kikombe kimoja. Nikilala, hunigusa. Nikitaka kuongeza, huweka kikombe mbali. Hakuna mrija wa kunyonyea, kwa sababu unaingiza hewa. Soda usiiwaze.

Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja aliyefanyiwa aina nyingine, ile ya kupitisha chakula njia ya mkato hadi kwenye utumbo mwembamba. Yeye aliogopa kwamba ni majaribio mapya. Daktari akamtuliza kwamba Edward Mason aliianza Iowa, Marekani, mwaka 1966, na imeboreshwa tangu hapo. Ila akamwonya: vitu vitamu kwake vitateremka utumboni kwa pupa, moyo umwende mbio, jasho limtoke, tumbo limharishe.

Kisha wageni wakaja. Ndugu zetu wa Pwani waliohamia Nairobi hawakujali foleni ya barabarani. Walikuja na hotpoti za wali, chupa za uji, na shangazi yake mume wangu akaja na supu ya kuku aliyemchinja kwa ajili yangu. Harufu yake ilinijia nikiwa sina hata njaa, nikashangaa kuona macho yananilenga machozi. Hili nalo walitahadharisha: mwili huenda usitake chakula, lakini moyo unaweza kukiomboleza.

Wifi alimpokea mlangoni. "Shangazi, tumepokea kwa mikono miwili. Kuku tutamla sisi."

"Na mgonjwa ale nini?"

"Dua zako."

Shangazi alinuna kidogo, akakaa, akaniombea kwa kirefu. Supu ile ingekuwa na vipande vya nyama na mafuta. Pini zile zinashikilia kidonda kibichi cha urefu wote wa mfuko uliobaki, na kitu kigumu, au kushiba kupita kiasi hadi kutapika, si jambo la kufanyia mzaha siku hizo. Ndiyo sababu madaktari walipopita asubuhi hawakuanza na "Umelalaje?" Waliangalia kwanza mapigo ya moyo na joto la mwili. Moyo ukikimbia na kubaki juu ya 120, homa ikipanda, maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, wanashuku kuvuja. Walinichoma kidole pia mara kwa mara. Sukari yangu ilishaanza kushuka, wakapunguza dawa, kwani dozi ya mtu anayekula sahani nzima ingenilaza chini sasa.

Wengi hukaa hospitalini siku moja hadi tatu. Hawakutazama kalenda kuniruhusu. Walitazama kama ninakunywa ya kutosha bila dripu, kama mkojo unatoka vizuri, kama ninatembea peke yangu, na kama vidonge vinatosha kutuliza maumivu. Nilitoka na karatasi iliyojaa masharti. Vinywaji kwanza, kisha vya kusagwa, kisha vilaini. Protini angalau gramu 60 kwa siku, na hiyo itanichukua muda kuifikia. Vitamini na madini maisha yote, B12 ikiwemo. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani nisiziguse bila ruhusa yao, kwa kuogopa vidonda. Mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Na nirudi mbio nikishindwa kubakisha maji tumboni, shavu la mguu likivimba, au pumzi ikinipaa.

Nilikaa kwa wifi hadi kliniki ya kwanza, ndipo nikapanda treni. Kiti nilikilipia lakini sikukikalia sana; nilikwenda na kurudi kwenye behewa, chupa ya maji mkononi, abiria wakidhani nimepoteza mtu.

Siku hizi wanawake wa mtaani huniita pembeni waniulize bei, daktari, kovu. Nawajibu yote. Nami huwauliza nani atakayelala kwenye kiti kando ya kitanda chao. Akinitajia mtu mwenye huruma ya kupakua, namwambia huyo abaki nyumbani alee watoto. Daktari atakuona dakika chache asubuhi na jioni. Saa zilizobaki zote ni zako na huyo mliyekuja naye, na kazi yake kubwa haitakuwa kukulisha.