Kibla Chetu Juu ya Mto Pangani

Tulipoiacha nyumba ya kupanga mjini Tanga tukahamia ndani ya mashua iliyotia nanga katika Mto Pangani, tulidhani mtihani wetu utakuwa joto na mbu. Kumbe mtihani ulikuwa sisi wenyewe. Penye nafasi ya mikeka miwili, hapana chumba cha kununia.

Mto huu, unaopata maji yake Kilimanjaro na Meru, humaliza safari baina ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni. Bahari nayo huupanda: maji yakijaa, omo hutazama baharini, yakipwa, hutazama bara.

Siku za mwanzo tuligombana hata juu ya kibla, kila mmoja akishikilia kuwa jana kilikuwa upande wa tezi. Kisha tukatambua: chombo huzunguka, mji hauzunguki. Pangani iko ukingo wa kaskazini, na Makka iko kaskazini yetu.

Tangu hapo, maneno yakianza kuwa makali, mmoja wetu huuliza: "Mwenzangu, mji uko wapi?" Tukatazama ng'ambo, tukatawadha, tukaswali.