Moi's Bridge: Fuata Moshi

Ukiuliza nyama nzuri iko wapi Moi's Bridge, hutatajiwa jina la hoteli. Utaonyeshwa upande. "Pita hapo kwa boda, ukiona moshi, ingia." Ndivyo alivyonielekeza mama muuza ndizi kando ya barabara kuu, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni lake. Nilikuwa nimefika saa mbili asubuhi kwa kazi ya kukagua mahindi, na moshi wakati huo haukunihusu. Kufika saa tano ulinihusu sana.

Kazi yenyewe haina utamu wa kusimulia. Kila msimu wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba, mwajiri wangu hunituma kutoka Nairobi nije kuangalia magunia kabla hayajalipiwa. Natia bambo kwenye gunia, punje zinamwagika kiganjani, natazama zilizooza na zilizovunjika, kisha napima unyevu. Usizidi asilimia 13.5, la sivyo mzigo unarudi kuanikwa. Gunia liwe na kilo 90. Siku hiyo kipimo cha unyevu kilizima nikiwa kwenye gunia la kumi, na betri za akiba nilikuwa nimezisahau kwenye chumba nilicholala Eldoret. Mwenye mahindi, mzee mwenye kofia ya sufi, alinitazama nikikipigapiga kile kidude kama redio mbovu.

"Kijana, mahindi hayana miguu," akasema. "Mtume mtu wa boda akuletee betri. Wewe nenda ule."

Basi nikafuata moshi.

Safari ya kuja hapa kutoka Eldoret ni ya kushiba macho kabla ya tumbo. Matatu inapita Soy, inapita Matunda, na pande zote mbili ni mahindi, yaliyokauka wima wakati huu wa mwaka, rangi ya mkeka wa zamani. Hewa ikiwa safi, unauona Mlima Elgon mbele na vilima vya Cherangani upande wa kulia. Cherangani ndiko unakotoka mto Nzoia, unaopita hapa na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Mji ulipata jina kutokana na daraja la mto huo. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi Mwingereza aliyelijenga. Baada ya uhuru likaja jina la Daniel arap Moi. Reli ya kwenda Kitale, iliyofika huko 1926, nayo inapita mjini. Kwa kifupi, ni mahali ambapo watu na mizigo wamekuwa wakipita kwa miaka mia, na penye mpito hapakosi jiko.

Bucha haina kibao. Ina dirisha la kioo, mbuzi watatu wametundikwa, kila mmoja na muhuri wa zambarau wa mkaguzi wa nyama pajani. Nyuma yake kuna banda la mabati, mabenchi marefu na jiko la matofali lenye wavu mweusi. Hapo ndipo palipo na umaarufu wote, na umaarufu huo umeenezwa na madereva wa malori. Wanaoleta mahindi kwenye maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupanga foleni ndefu msimu ukichanganya, na dereva aliye kwenye foleni ana muda wa kujua bucha zote za mji. Ninamwamini kuliko kitabu chochote cha watalii.

"Kastama, nikupimie ngapi?" Nikaonyesha mbavu. "Kilo moja. Choma au tumbukiza?" Tumbukiza ni ya kuchemshwa; nikasema choma.

Halafu unangoja. Karibu saa nzima. Unaletewa supu ya mifupa kwenye kikombe cha bati, pilipili umetiwa bila kuulizwa, na unamtazama mchomaji. Huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe ambalo weupe wake ulikuwa historia. Sikumwona akigeuzageuza nyama ovyo. Aliziweka mbavu kwanza palipo na moto mkali, zikashika rangi, kisha akazisogeza pembeni penye makaa yaliyofifia na kuziacha huko. Mafuta yakidondoka, mwali unaruka. Anauzima kwa maji ya chumvi kutoka kwenye chupa ya plastiki aliyoitoboa kifuniko. Maji hayo ndiyo kiungo pekee. Sikuona mchuzi wa chupa wala unga wa pakiti, na sikuona mtu aliyeuliza.

Nimekula Carnivore kule Lang'ata, Nairobi, iliyofunguliwa 1980. Nyama huletwa imechomekwa kwenye mapanga ya Kimaasai, na wahudumu hawaachi kukukatia mpaka ushushe kibendera kilicho mezani. Enzi hizo hata pundamilia alikuwemo, kabla nyama ya pori haijapigwa marufuku. Nimekula pia Kikopey, karibu na Gilgil, ambako kila msafiri wa barabara ya Nakuru ana bucha anayoiapia. Sina neno baya juu ya huko. Ila Carnivore sikuwahi kumjua mbuzi wangu. Hapa nilimchagua angali ametundikwa, nikamwona akipimwa, na nikamkodolea macho saa nzima akiiva; alipofika mezani tulikuwa tumefahamiana.

Alifika juu ya ubao. Kijana akazikata mbavu mbele yetu kwa kisu kilichochakaa hadi kuwa chembamba kama jani la muwa, akamwaga kifungu cha chumvi pembeni na kachumbari upande wa pili. Nasema mbele yetu kwa sababu benchi halikuwa langu peke yangu. Kulikuwa na dereva na tanboi wake, mama mmoja mwuza mitumba, na mzee wa makamo aliyekuja na mursik yake ndani ya kibuyu cha sotet, maziwa ya mgando yenye vidoa vya kijivu vya mkaa wa mti wa senetwet. Mpaka wa Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega uko karibu hapa, na unausikia kwenye salamu: huyu anasema chamgei, yule mulembe, na wote wawili wanageukia Kiswahili ikifika zamu ya kugombea mbavu ya mwisho. Mzee ndiye aliyeniambia kwamba ndani ya jina Uasin Gishu mna neno la Kimaasai la ng'ombe. "Kwa hivyo unakula mbuzi nyumbani kwa ng'ombe," akanicheka, akanimiminia mursik. Ni kali, ina ladha ya moshi, na inakata mafuta ya mbuzi vizuri kuliko soda yoyote.

Ugali ndio ulionishinda. Mweupe, mgumu, umepikwa kwa unga wa mashine ya kijijini, ukifuka mvuke. Asubuhi yote nilikuwa nimeyatazama mahindi kama tarakimu: uzito, unyevu, asilimia ya kuoza. Eneo hili ndilo ghala la nchi. Hapo jirani tu, Kitale, ndipo ilipotoka mbegu chotara H611 mwaka 1964, mbegu ya kwanza ya aina yake nchini. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa ajili ya kazi. Lakini nilikuwa sijawahi kukaa chini na kuyala mahindi ya hapa, hapa hapa. Nikaagiza ugali wa pili, na mama wa mitumba akaniambia nisione haya, wageni wote hufanya hivyo.

Betri zikaja saa nane. Magunia ya yule mzee wa kofia ya sufi yalisoma 13.1, akatia saini, akaniuliza kama nilishiba. Nikamwonyesha vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vinanukia moshi.

Ukipita njia ya Kitale, shuka Moi's Bridge kabla ya saa sita. Mbavu huisha mapema, hasa msimu wa mahindi, kwa sababu madereva wanaanza kuagiza tangu asubuhi. Ukikuta imebaki shingo tu, usiichome. Agiza tumbukiza.