Lugha ya Amri Nane

Wenzangu kazini hunicheka nikitaja Brainfuck. (Jina lenyewe silitamki mbele ya mama!) Urban Müller aliibuni mwaka 1993 akitaka kompaila ndogo kupindukia. Ina amri nane tu. Hata kuzidisha hakuna. Ukitaka 6 mara 7, unajumlisha saba mara sita kwa kitanzi.

Nani atakulipa kwa hilo? Hayupo. Lakini hebu jaribu kuiandikia intapreta. Kila [ lazima ijue ] yake, hata kitanzi kikiwa ndani ya kitanzi. Hapo ndipo staki, niliyoikariri chuoni kwa ajili ya mtihani, iliponiingia kichwani. Majuzi mteja alitaka kujiandikia kanuni za punguzo la bei, mabano ndani ya mabano. Nilimaliza kwa siku mbili.