Kaza Kidogo

Ujumbe wake ulikuja saa nane na dakika kumi usiku: "Tim lida, leo siwezi. Kichwa kimejaa." Nikamjibu, "Kaza kidogo, tumalize hili fungu." Akakaza. Fungu likaisha alfajiri. Wiki mbili baadaye aliacha kazi bila kuaga, nami nikajaza jina la mtu mwingine kwenye jedwali.

Nilikuwa na miaka 24. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo ilipowashinda watu wa nyumbani, na hiyo kazi ya Nairobi ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu kwamba sikupotea. Tulikuwa tukisikiliza sauti zilizorekodiwa ng'ambo na kuziandika neno kwa neno. Nyingine zilikuwa za mikutano ya biashara, nyingine za kesi, nyingine za watu wanaolia kwenye simu wakiomba msaada. Baada ya miezi minane nikapewa watu tisa niwasimamie. Nyongeza ya mshahara ilikuwa ndogo, cheo kilisikika kikubwa. Huku Kipungani, mamangu aliwaambia watu mwanawe ni bosi.

Hakuna aliyenifundisha kusimamia watu. Nilichojua ni kupokea presha kutoka juu na kuipitisha chini ikiwa nzima.

Watu walipoanza kuondoka mmoja mmoja, kampuni ikatuletea kochi wa uongozi. Nisidanganye, nilimpenda. Alitufundisha kupumua polepole, kupanga siku, kumsikiliza mtu bila kumkata kauli. Mambo mazuri tu. Kikao cha tatu nikamfungulia moyo: silali, mikono inatetemeka simu ikilia, nafikiria kuacha kazi. Jumatatu bosi akaniita. "Nasikia unataka kutuacha."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kuuliza swali la kwanza kabisa: huyu mtu analipwa na nani, na ninayomwambia yanaishia wapi?

Siku hizi wengi huchanganya kochi na mtaalamu wa saikolojia. Kochi hukuuliza unataka kufika wapi, kisha anakusaidia kufika. Mtaalamu wa saikolojia hukuuliza unaumia wapi na tangu lini, na maadili ya kazi yake yanamfunga atunze siri yako, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Wote wawili wana kazi yao. Lakini mtu aliyechoka kabisa ukimpa kochi wa kumwongezea mwendo, unamharakishia kuanguka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya maradhi, ICD-11. Ule uchovu wa kazi tunaouita "kuungua" umo, lakini umeelezwa kwa uangalifu. Haukuitwa ugonjwa. Umeelezwa kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuhisi huna tija tena. Chanzo kimetajwa waziwazi, ni kazini. Basi mbona dawa zote anapewa mfanyakazi? Apumue, anywe maji, alale mapema. Mzigo wenyewe hakuna anayeugusa.

Nairobi swali hilo limefika mahakamani. Mwaka 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha za Facebook, aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri jijini. Wenzake wengi walifungua kesi yao mwaka uliofuata. Desemba 2024 ikajulikana kwamba Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima zaidi ya 140 kati yao na kuwakuta na maradhi yanayotokana na kiwewe. Kampuni yangu haikuwa mojawapo ya hizo, na niliyoyasikia mimi hayafanani na waliyoyaona wao. Lakini nilipoisoma habari ile nilimkumbuka dada yule wa saa nane usiku. Yeye ndiye niliyekuwa nikimpa mafungu ya simu za vilio, kwa sababu alikuwa na kasi.

Nilirudi nyumbani wakati wa kusi. Basi hadi Mokowe, boti hadi mjini Lamu, kisha boti nyingine kupita kwenye mikoko maji yalipojaa. Siku za mwanzo nililala tu. Bibi, anayeshinda barazani akisuka ukili, aliniuliza mara moja, "Kitwa chakuuma?" Nikasema hapana. Akaendelea kusuka.

Mjomba wangu ni nahodha wa mashua ya mizigo. Siku moja nilimsaidia, na kazi yangu ikawa kufua maji yanayoingia ndani. Nikafua kwa bidii, nikitaka kumwonyesha kwamba mji haukuniharibu. Akanitazama weee, kisha akasema, "Wafua mai, tundu huzibi." Alikuwa anazungumzia mashua. Alinipa pamba akanionyesha pa kukalafati, basi.

Jioni hiyo mfanyabiashara mmoja akapiga simu, anataka saruji yake ivushwe usiku uleule, na ataongeza pesa. Mjomba akamjibu, "Mabaharia wangu hawajalala." Yule mtu akafoka, akampa mwingine kazi. Mjomba alikosa pesa, na shangazi alinuna siku mbili. Mabaharia wenyewe walikuwa wameshalala, hawakujua hata kama simu ilipigwa.

Sitaki ufikiri nilipona kwa upepo wa pwani na hekima ya wazee. Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lakini bibi wale walifunzwa. Walikuwa na utaratibu, na walikuwa na wa kumpelekea mgonjwa aliyewazidi. Baraza la Kipungani halina siri. Ukilia asubuhi, adhuhuri habari imefika Matondoni.

Kwa hiyo nilitafuta mtaalamu wa saikolojia wa kuzungumza naye kwa simu. Namlipa mwenyewe, kidogo kidogo, kutoka kwenye makala kama hii. Huenda ufuoni, mbali na masikio ya watu, nikainamia simu kama mtu anayebembeleza mchumba. Kikao cha nne nikamsimulia ule ujumbe wa usiku. Nilitegemea aniambie si kosa langu. Akaniuliza, "Ulipomwambia akaze, wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Nilikuwa naogopa kumpigia bosi na kusema fungu hili halitaisha leo. Simu moja tu. Ningefokewa mimi, dada wa watu angelala. Kochi alinifundisha namna ya kuzungumza na watu walio chini yangu, na namshukuru. Lakini nafasi yangu ilikuwa pale katikati, na kazi yenyewe ilikuwa kugeuka na kuzungumza na walio juu. Hilo sikulifanya hata siku moja.

Baada ya kikao hicho nilimwandikia yule dada. Sikujitetea. Nilimwambia nilimsikia usiku ule, nikachagua fungu, na naomba radhi. Tiki zikawa bluu. Siku nne kimya. Nilijiambia hana deni la kunijibu, na kweli hana.

Siku ya tano akajibu. Amepata kazi nyingine, analala. Kisha chini yake: "Na wale wengine umewaandikia?"

Walikuwa wanane. Nimeshawaandikia watatu. Bado watano.