Fomu ya Mvuvi

Mwaka 2019, ulipokaribia uchaguzi wa vijiji na mitaa, alitujia mvuvi mmoja wa pwani hii ya Bagamoyo, mtu mzima tuliyemfundisha wenyewe kusoma katika darasa la jioni. Alitaka kugombea uenyekiti wa kijiji kwa chama cha upinzani. Akasema, "Mwalimu, nitazamie fomu hii, nisije nikaaibika." Tukaipitia neno kwa neno, wala hatukuona kosa.

Siku chache baadaye jina lake likakatwa. Sababu iliyoandikwa: hajui kusoma wala kuandika. Nasi, kwa kuwa twasifiwa mwandiko mzuri, tukaombwa kunakili orodha ya walioondolewa ipate kubandikwa ukutani. Tukainakili. Hatukuuliza neno.

Mtu akivunja sanduku la kura usiku, kila mmoja humwita mwizi. Lakini hapa hakikuvunjwa kitu. Palikuwa na kanuni, na muhuri, na saa za kukata rufaa. Kanuni zilitungwa na waziri, na waziri huteuliwa na rais aliyechaguliwa kwa kura. Mwezi Mei mwaka ule Mahakama Kuu ilikuwa imesema kwamba wakurugenzi wa halmashauri, walio wateule wa rais, hawafai kusimamia uchaguzi mkuu. Mwezi Oktoba Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu hiyo, na neno likaisha. Nchi nzima walioondolewa walikuwa wengi hata vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na waziri alipoamuru warudishwe, vyama vile havikurudi. Tarehe 24 Novemba CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2020 Bunge likapitisha sheria ya kwamba mwenye kushitaki juu ya haki zilizo katika Katiba aonyeshe kwanza jinsi alivyodhurika yeye mwenyewe.

Kwa habari ya karatasi, pwani yetu ni kongwe. Mwaka 1884 Carl Peters alishukia Saadani, akaenda Usagara, akarudi na mikataba iliyotiwa alama na watu wasioweza kuisoma. Huyu wetu alikuwa akisoma.

Juma lile lile alikuja darasani jioni kama desturi yake, akaketi, akafungua daftari. Tukaona haya kunyamaza. Tukamwambia, "Mzee, orodha ile tuliiandika sisi."

Akajibu, "Naujua mwandiko wako, Mwalimu. Niliusoma pale ukutani."