Kichwa Kilichoandikwa LIMA

Nilikinunua Mlango Mmoja, Mwanza, kwa shilingi elfu nne, kikiwa kimefukiwa chini ya midoli na viatu vya upande mmoja. Muuza mitumba alikiita gari la mtoto. Kilikuwa kichwa cha treni cha dizeli, kinaenea kiganjani, na mabehewa mawili ya mizigo yamefungwa nacho kwa mpira wa pesa. Nilikigeuza. Chini, kwenye plastiki nyeusi, pameandikwa kwa herufi kubwa: LIMA. Ni jina la kampuni ya Italia iliyokuwa ikitengeneza treni ndogo, ila siku hiyo sikujua. Nilicheka peke yangu, nikalipa bila kuomba apunguze.

Nilikuwa narudi Shinyanga likizo, tasnifu yangu ya umahiri imekwama sura ya pili. Inahusu reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, ile iliyofika ziwani mwaka 1928, Waingereza wakiwa wanaitaka pamba ya Usukumani. Nilikuwa nimewahoji wazee wengi. Baba yangu, aliyeifanyia kazi reli hiyo miaka kumi na tisa, sikuwa nimemhoji.

Baba alikuwa mkagua mabehewa. Treni ikisimama stesheni, wakati abiria wananunua karanga dirishani, yeye alishuka na nyundo yenye mpini mrefu, akatembea kutoka kichwa hadi behewa la mwisho akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti fupi, butu, kama chungu kilichopasuka. Usiku alibeba tochi, lakini alituambia tochi ni ya kuangalia nyoka tu, magurudumu anayaona kwa masikio.

Nikiwa darasa la kwanza, akapunguzwa kazini. Alikaa nyumbani miezi mitatu, kisha akapanda basi kwenda Nyarugusu, mkoani Geita, kwa wachimbaji wadogo. Geita hakuna reli. Nadhani hilo nalo lilimfaa. Kwanza alishuka kwenye maduara kama wengine, baadaye umri ukampandisha juu, kwenye mwalo, wanakoosha mawe yaliyosagwa na karasha. Kwa kuwa hakuwa mwizi, wakampa kazi ya kuchoma. Unachanganya mchanga mzito na zebaki, zebaki inakamata dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho unakichoma hadi zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki njano. Baba alichomea kwenye sufuria, ameinama, kwa sababu ukigeuka, mtu anaweza kudokoa. Alifanya hivyo miaka minane. Ada zangu za sekondari zilitoka kwenye sufuria hiyo.

Amerudi nyumbani mikono ikitetemeka. Chai anakunywa kwa kikombe kilichojazwa nusu. Hospitali tuliyompeleka walimwandikia vitamini wakasema ni uzee. Hakuna aliyempima zebaki. Mimi nimesoma kuihusu, najua kwamba mvuke wake huenda kwenye mishipa ya fahamu, na najua kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya baba kuondoka mwaloni. Haya sijawahi kumwambia. Ningemwambiaje bila kutaja ada?

Basi nikamletea treni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ananiita mayu, mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Alikichukua kile kichwa, akakigeuza, akasoma. "Lima," akasema. "Hata huko Ulaya wanatuambia tukalime." Kisha akakiweka chini haraka, maana kilikuwa kimeanza kugonga pete yake.

Kazi ya kukifufua niliianza vibaya. Nilitaka kutoa uchafu wa paani, nikapaka tina ya rangi, na plastiki ikalainika kama sabuni iliyolowa. Alama ya kidole changu iko pale hadi leo. Ndani mota ilikuwa nzima, imekaukiwa tu. Niliisafisha kwa spiriti, nikatia tone la mafuta ya cherehani kila mwisho wa ekseli. Kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye mota zilikuwa zimekwisha. Baba, akiwa kwenye kiti chake, bila kuulizwa, akasema: "Pasua betri ya redio." Kila mtoto wa kwetu aliyewahi kuchezea betri iliyokufa anakijua kile kijiti cheusi cha katikati. Nilikisugua kwenye msasa siku nzima hadi kikaingia. Magurudumu yenye kuvuta yalikuwa yamepoteza mpira wake, nikakata pete kwenye shingo ya puto.

Reli hatukuwa nayo. Nilipata vijiti vya shaba kwa fundi friji, na mataruma tukayapata kwenye mishikaki, vile vijiti vya mbao. Treni ya aina hii huchukua umeme kutoka kwenye reli zenyewe, moja chanya na moja hasi, kwa hiyo taruma lazima liwe kitu kisichopitisha umeme. Nilipima upana kati ya magurudumu: milimita 16.5. Nikazidisha kwa 87, maana kitu hiki kimepunguzwa mara 87, nikapata karibu 1435.

"Hiyo siyo reli yetu," baba akasema. "Yetu ni mita moja."

Kweli. Reli aliyoitumikia ina upana wa milimita 1000. Hizo 1435 ni za SGR, hii inayojengwa sasa kati ya Mwanza na Isaka, ambayo baba anaitazama kwenye taarifa ya habari kama mtu anayetazama harusi asiyoalikwa. Nikamwambia hatuna magurudumu mengine. Akasema sawa, lakini lazima kuwe na geji, siyo kukadiria kwa macho. Nikakata kadi ya simu iliyoisha kwa upana ule ule.

Alitaka kubandika mataruma mwenyewe. Nilimwachia. La kwanza likakaa upande. La pili likaanguka na gundi yake. La tatu alilishika kwa mikono miwili, ameshikilia pumzi, na mikono yote miwili ikacheza. Nikanyoosha mkono. "Acha," akasema, si kwa ukali, ila sikuwahi kusikia sauti ile tangu nilipokuwa mtoto. Nikaacha. Yalianguka mengine manne. Kisha akainuka, akaenda nje kuangalia kuku, na hatukuwa na kuku wa kuangalia wakati ule, walikuwa wamekwisha kufungiwa.

Nilibandika yaliyobaki usiku. Yalikuwa 160. Asubuhi nikayakuta matatu ya mwanzo yamebanduliwa na kubandikwa upya, yamepinda, gundi imefurika. Sikuyagusa.

Duara lenyewe lina upana wa sentimita 80 juu ya ubao sebuleni. Neno hilo nyumbani kwetu lina maana nyingine, na mama alipoulizwa na jirani tunafanya nini, akajibu, "Wamechimba duara ndani," jirani akaja mbio kuangalia. Tulijaribu kwanza kwa betri ya bodaboda ya kaka, volti 12. Kichwa kiliruka kwenye kona na kugonga mguu wa meza. Tukahamia betri nne za tochi, volti 6, na hapo kikatembea kama treni ya mizigo inavyostahili, taratibu, kikilalamika.

Baba alishuka kwenye kiti. Ilimchukua muda. Akalala ubavu sakafuni, sikio karibu na ubao, mikono ameibana kati ya magoti, ambako haitetemeki sana. Treni ikapita mara tatu mbele ya uso wake. Mama alisimama mlangoni na mwiko.

"Simamisha."

Nikanyanyua waya.

"Behewa la pili. Ekseli ya nyuma."

Mimi sikuwa nimesikia chochote ila mlio wa mota. Nililigeuza behewa. Uzi mwekundu, huenda wa kapeti iliyowahi kuwa kwenye nyumba fulani Ulaya, ulikuwa umejizungusha kwenye ekseli, mwembamba kuliko unywele. Nilihitaji sindano na dakika kumi kuutoa.

"Wakati ule," akasema akiwa bado amelala, "ningeandika behewa hilo libaki Bukene."

"Bukene kulikuwa na fundi?"

"Hakuna. Ndiyo maana masta wa pale alinichukia."

Nilichukua simu nikawasha kinasa sauti, nikakiweka juu ya ubao karibu na kichwa chake. Alikitazama. Nilidhani atanyamaza.

"Anzia wapi?" akauliza.

"Popote, baba."

"Rudisha waya kwanza. Nitaongea ikiwa inatembea."